Chale Mbili

Mama Pacha alifika kituoni saa mbili na robo, kama alivyofika siku nane zilizotangulia, kikapu chake kikining'inia begani.

Kilikuwa kikapu chakavu cha ukili. Mshikio wake mmoja ulikuwa umekatika, na mahali pake pamefungwa mkanda wa kusuka, nyuzi nyekundu na nyeusi, wenye pete ndogo ya shaba kila mwisho. Alikiteremsha juu ya meza ya mapokezi taratibu, akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani, kijiko, na kitambaa safi cha kufutia mikono.

"Viazi na mchuzi," alimwambia koplo wa zamu. "Jana alisema chumvi ilizidi. Leo nimepunguza."

Koplo alitikisa kichwa. "Mama, wewe moyo wako umeuokota wapi? Mtu katuhumiwa kumuua baba yako mzazi, na wewe unampunguzia chumvi?"

"Ana tumbo kama wewe, mwanangu."

"La kwangu hakuna anayelikumbuka."

"Kesho nitakuletea na wewe. Lakini uniambie mapema kama una mdomo wa kuchagua."

Koplo alicheka. Mama Pacha hakucheka, ila alilainisha uso kidogo, akarudisha kikapu begani na kuuweka sawa ule mkanda usimchome shingoni. Inspekta, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili mkononi, aliyaona yote hayo. Katika miaka yake ishirini na sita ya kazi alikuwa ameona ndugu wa marehemu wakimtemea mate mtuhumiwa, wakimrushia viatu, wakimwapiza hadi kizazi cha tatu. Hakuwahi kumwona anayempunguzia chumvi.

"Asante, mama," alisema. "Mimi mwenyewe nitampelekea."

"Mwambie ale kabla hakijapoa."

"Nitamwambia."

Kijiti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, blanketi la mistari limekunjwa vizuri pembeni yake. Blanketi hilo nalo lililetwa na Mama Pacha. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwembamba kiasi kwamba jina la utani lilimkaa kuliko la cheti. Alikuwa amefanya kazi katika studio ya Mzee Tulia kwa miaka tisa. Mzee mwenyewe aliitwa hivyo kwa sababu kabla ya kubonyeza kamera alimwambia kila mteja neno moja tu, "Tulia," na watu walitulia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kula, kisha tuzungumze."

"Tuzungumze kwanza. Leo ndiyo siku yenyewe, eti?"

"Gari la mahakamani linaondoka saa nane."

Kijiti aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa saa ya basi. Inspekta alivuta kiti, akafungua faili. Maelezo yaliyokuwamo aliyajua kwa moyo. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni, Mama Pacha alikwenda studio akamkuta baba yake amelala sakafuni karibu na meza ya kukuzia picha, kichwa kimepasuka, hana uhai. Kamera haikuonekana. Kwenye droo, konstebo alikuta kadi ya dhamana ya kamera hiyo, yenye namba iliyoishia 418. Jumatano Kijiti aliuza kamera katika duka la fundi wa kamera, na siku ya pili namba hiyo ikakutwa pale pale rafuni. Alikamatwa akitoka mazikoni, udongo bado uko kwenye viatu.

"Nakuuliza tena. Kamera uliipata wapi?"

"Alinipa Mzee. Mwaka wa nne sasa."

"Nani aliona akikupa?"

"Mimi na yeye."

"Kwa nini uliiuza siku mbili baada ya yeye kufa?"

"Nilikuwa na shida."

"Shida gani?"

Kijiti alitazama bakuli.

"Kijiti, jibu moja tu laweza kukutoa humu ndani. Pesa ulizifanyia nini?"

"Niliahidi nisiseme."

"Umemwahidi nani?"

"Nimejiahidi mwenyewe, afande. Kuna mambo mtu ukiyatangaza, unamvua nguo mwenzako."

Inspekta aliandika neno *amekataa*, kama alivyoandika mara tatu kabla. Alipotoka, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mkuu wa kituo.

"Uko wapi? Nenda dukani kwa huyo fundi ukachukue kielelezo. Mwendesha mashtaka anaitaka kamera yenyewe mezani, hataki picha ya kamera."

"Nakwenda, mkuu. Ila kuna jambo—"

"Namba ya kadi na namba ya kamera zinalingana?"

"Zinalingana."

"Basi namba ni namba. Saa saba uwe umerudi."

*

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba kati ya mshona viatu na muuza miwani. Ubao wa mlangoni ulikuwa umefifia. Ndani kulinuka spiriti na ngozi kuukuu. Fundi, mzee mwenye kioo kidogo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa lastiki, hakuinua uso.

"Karibu, mama. Kama ni simu imeingia maji, jirani. Kama ni kamera ya filamu, kaa."

"Ni kamera."

"Ya kupiga au ya kuweka kabatini wageni waione? Siku hizi wanunuzi ni wa aina mbili."

Inspekta alikuwa hajavaa sare. Aliamua kutosema haraka. Mtu akiwa anasifia bidhaa yake husema mengi ambayo akihojiwa huyasahau.

"Ya kupiga. Sijui kuchagua, fundi. Nifundishe."

Uso wa mzee ulichangamka. Akafuta mikono, akashusha kutoka rafuni bodi sita za kamera, zisizo na lenzi, akazipanga juu ya kitambaa cheusi. Zote zilikuwa za aina moja, nyeusi na fedha. Kwa jicho la Inspekta zilikuwa kama watoto wa tumbo moja.

"Chagua."

Inspekta akagusa iliyong'aa kuliko zote.

"Ndiyo hivyo hivyo," fundi alisema kwa furaha ya uchungu. "Kila mtu ananunua uso. Hiyo imekaa kabatini miaka ishirini, mafuta yameganda ndani. Sikiliza." Akavuta wenzo, akabonyeza. Kamera ikatoa sauti ya kukwama, kama mtu anayekohoa na kujizuia. "Sasa hii, mbaya wa sura." Akabonyeza iliyochubuka. Mlio ulikuwa mkavu, mfupi. "Umesikia? Anayetaka bodi ya mtumba asianze na macho. Aanze na masikio. Halafu afungue mgongo, atazame sponji za kuzuia mwanga kama hazijageuka lami. Ainue pazia la ndani, lile linaloziba filamu, kwenye mwanga, atafute vitundu. Anuse. Ikinuka ukungu, airudishe. Rangi ya juu ndiyo ya mwisho kabisa. Rangi nabadilisha mimi."

"Unabadilishaje?"

"Nachukua bamba la juu la iliyokufa, nalivalisha iliyo hai. Humu dukani mabamba yanahama kama wapangaji."

Inspekta aliinama mezani. Kisha akageuza ile bodi iliyong'aa. Nyuma ya bamba la juu, juu ya kioo cha kuchungulia, ilichongwa namba.

"Na namba iko kwenye bamba?"

"Iko kwenye bamba."

"Kwa hiyo bamba likihama, namba inahama nalo."

Fundi aliivua lastiki kichwani polepole, akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Wewe si mnunuzi."

"Hapana, mzee wangu. Samahani." Akaweka kitambulisho juu ya kitambaa. "Nimekuja kuchukua ile yenye namba 418."

Mzee aliinuka. Alifungua kabati la kioo, akatoa bodi ya saba, yenye karatasi ya polisi iliyofungwa kwa uzi. Aliiweka mbali na zile sita.

"Nilimwambia yule askari wenu kijana," alisema. "Nilimwambia kamera hii ni ya Kijiti siku nyingi. Akanijibu, 'Mzee, namba ni namba.' Nikanyamaza. Nilisema mara moja. Nilipaswa kusema mara ya pili."

"Niambie mimi hiyo mara ya pili."

Fundi alikaa. "Mzee Tulia alikuwa na kamera mbili za aina hii, pacha. Moja ilianguka, bamba la juu likabonyea. Ndani nzima, uso mbaya. Hiyo ndiyo aliyokusudia kumpa Kijiti ili awe anakwenda kupiga harusi mwenyewe. Akaja nayo hapa pamoja na yake, akaniambia, 'Fundi, mvalishe huyu bamba langu. Mteja akiona kamera imebonyea atadhani na picha zitatoka zimebonyea.' Nikamwambia, basi wewe utatembea na lililobonyea. Akasema, 'Mimi wananijua.' Nikabadilisha. Zuri likaenda kwa Kijiti, bovu likabaki kwa mzee. Kijiti mwenyewe sidhani kama aliambiwa."

"Na namba nzuri ikaenda na bamba zuri."

"Wema wake huo ndio uliomfunga kijana wake."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. "Maneno haya nikiyapeleka, Mkuu ataniambia ni maneno. Utathibitishaje kwamba ndani ya bamba hili si kamera ya mzee?"

"Nenda na mimi kwa hakimu."

"Hakimu atakuuliza kama ulikuwa rafiki yake Kijiti."

"Nilikuwa."

"Ndiyo maana."

Mzee alishusha pumzi. Inspekta akafungua bahasha ya faili, akatoa kipande cha filamu. Kilikutwa kikining'inia chumba cha giza siku ya kifo, kimeoshwa, kimekauka. Wateja watano wa asubuhi ile ile, picha za vitambulisho, na majina yao yako kwenye daftari la studio kwa mkono wa marehemu. Konstebo alikichukua kwa sababu aliambiwa achukue kila kitu, na tangu hapo hakuna aliyekitazama.

"Hiki kilipigwa saa chache kabla hajafa. Kinaweza kukuambia chochote?"

Fundi alikiinua kwenye taa. Alirudisha kioo jichoni. Alikisogeza picha baada ya picha, kisha akaanza kutabasamu, na tabasamu likamgeukia njiani likawa kitu kingine.

"Njoo. Tazama ukingo wa fremu. Usitazame watu, tazama mpaka wa picha."

Inspekta aliinama. Kwenye ukingo mmoja wa kila fremu, vijino viwili vidogo vyeusi vilitokeza nje ya mstari, kimoja karibu na kingine.

"Ni uchafu?"

"Uchafu haurudii mahali pale pale mara tano. Hizo ni chale. Sisi wapiga picha wa zamani, mwenye kamera zaidi ya moja alichukua tupa ndogo akachanja dirisha la ndani, pale filamu inapopokea mwanga. Kamera ya kwanza chale moja, ya pili chale mbili. Filamu ikiharibika unajua mara moja mgonjwa ni yupi. Anayenunua haoni, anayeiba hajui. Hata mimi nikihamisha bamba, dirisha halihami. Hilo ni sehemu ya mwili wenyewe."

"Fungua 418."

"Imefungwa na polisi."

"Mimi ndiye polisi." Akakata uzi, akaandika saa na kusaini nyuma ya karatasi.

Fundi alivuta kitufe, mgongo ukafunguka. Akaigeuzia taa. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na chale moja. Inspekta aliihesabu mara mbili, ingawa moja haihitaji kuhesabiwa. Akapitisha ukucha wake ukingoni kote. Moja.

Kwa hiyo kamera aliyouza Kijiti haikupiga picha asubuhi ile. Iliyoibwa ilikuwa nyingine.

"Tuzifungue hizi sita."

Walizifungua moja moja. Ya kwanza haikuwa na chale. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo uliomfanya Inspekta ashike pumzi, lakini fundi alitikisa kichwa: ulikuwa juu, tena wa bahati mbaya tu. Ya nne, ya tano, ya sita, hakuna. Inspekta alikaa chini. Saa tano na dakika kumi.

"Za aina hii huna nyingine?"

"Za kuuza ndizo hizo."

"Sikukuuliza za kuuza."

Mzee alifumba midomo, akawaza. Kisha akajipiga paji la uso. Aliinama chini ya meza, akavuta sanduku la mbao lililoandikwa MATENGENEZO. Akatoa bodi iliyobonyea juu, upande wa kushoto. Kadi yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweupe.

"Hii ni yake. Aliituma ifanyiwe usafi, kama alivyotuma kila mwaka. Nilipomaliza nikasikia amefariki. Nikaiweka, nikisubiri watu wa kwao waje. Hawakuja. Ninyi mlisema kamera iliyoibwa ni hiyo 418, nikaona hii haihusiki. Waliniuliza namba, mama. Sikuulizwa kingine."

Inspekta aliifungua mwenyewe. Aliweka filamu juu ya dirisha. Vile vijino viwili vikaingia ndani ya zile chale mbili kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Umeisafisha?" aliuliza.

"Yote. Kwa spiriti. Ilikuwa na kitu kimegandia pembeni, nikadhani ni dawa ya kuoshea filamu." Akamwona Inspekta anafumba macho. "Mungu wangu. Nimefuta nini?"

"Ulifanya kazi yako vizuri, mzee wangu." Alisema hivyo na kumsogezea kiti, kwa sababu alikuwa amepauka. Kisha akageuza kadi. Mwandiko wa fundi ulikuwa wazi: *Mzee Tulia. Usafi. Jumatatu, saa tisa.*

Saa mbili kabla maiti haijaonekana.

"Aliileta nani?"

"Mwanamke. Simjui. Alisema ametumwa na mzee. Mtu mzima, mpole. Alinisalimia vizuri, akauliza hali yangu, akasubiri jibu. Wengi hawasubiri."

"Ukimwona utamtambua?"

"Alijitanda hadi usoni. Labda sauti." Fundi alikuna kidevu. "Ila kuna kitu. Alipotaka kuondoka alirudi, akasema mkanda haubaki. Mzee alikuwa na mkanda wa kuvalia shingoni, aliousuka marehemu mkewe. Yule mama akaanza kuufungua, pete zimekaza, ukucha ukamkatika. Nikampa mkasi. Alinitazama kama nimemtukana. Akaendelea kwa kucha mpaka ukatoka."

"Pete za nini?"

"Shaba. Kila mwisho moja."

"Na rangi ya mkanda?"

Inspekta aliuliza kwa sababu utaratibu unataka kuuliza. Jibu alikuwa amelitazama tangu saa mbili na robo asubuhi, likiwa limebeba viazi na mchuzi.

*

Mama Pacha aliitwa arudi kituoni kuchukua bakuli. Alikuja na kikapu. Inspekta alimketisha katika chumba kidogo cha nyuma, akamweka askari mwanamke mlangoni, akamsomea haki zake polepole, sentensi baada ya sentensi, mpaka Mama Pacha mwenyewe akasema, "Nimeelewa, dada. Endelea."

"Jumatatu ile, saa tisa, ulikuwa wapi?"

"Nilishaandikisha. Nyumbani."

"Mkanda wa kikapu hiki umeutoa wapi?"

Mkono wa Mama Pacha ulikwenda begani wenyewe. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umekatika vibaya, sasa ndiyo kwanza unaota.

"Ni wa mama."

"Ulikuwa kwenye kamera ya baba yako. Fundi ameniambia. Kamera yenyewe ninayo, yenye chale mbili."

Nje, mtu alikuwa anaburuta benchi. Mama Pacha alisubiri sauti hiyo iishe.

"Nilitaka kuitupa mtoni," alisema. "Nilifika hadi darajani. Nilishindwa. Ile kamera ilitulisha. Nikasema niipeleke kwa fundi wake, angalau itakaa na mtu anayeijua."

"Ilikuwaje studio?"

"Nilimpelekea chakula. Miaka kumi na moja, dada. Tangu mama afe. Nampikia, namfulia, mguu ukimvimba namkanda kwa maji moto. Siku hiyo akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba studio ameamua kumwachia Kijiti. Ameshaandika. Nikamuuliza, na mimi? Akasema Kijiti ana mikono ya kazi hii. Nikamuuliza, mimi nina nini? Akacheka, akasema, 'Wewe una watoto.'" Alinyanyua kiganja, akakitazama. "Nilimsukuma. Mara moja. Si kwa kutaka afe. Alikuwa mwepesi, sikujua kama amekuwa mwepesi hivyo. Akaangukia pembe ya meza, na kamera yake shingoni."

"Hukuita mtu."

"Nilikaa naye kidogo. Nikamfunga vifungo vya shati. Halafu nikaogopa."

Inspekta aliandika. Kalamu ilikuwa inakwama, akaitikisa, akaendelea.

"Karatasi aliyoiandika iko wapi?"

"Niliwashia moto, nikapikia chai."

"Na Kijiti?"

"Siku ya kuzika, tuliporudi, nilikuwa sijavua viatu. Nilikuwa nakuja huku kwenu kusema. Wallahi nilikuwa nakuja. Askari wenu akanikuta mlangoni, ana furaha, akasema, 'Mama, mwizi tumempata, na namba imelingana.' Nikamtazama." Akaitazama miguu yake. "Nikavua viatu."

"Ukaanza kumletea chakula."

"Chakula chenu asingekiweza. Ana vidonda vya tumbo tangu mdogo."

"Ungeacha afungwe?"

"Ningempelekea na huko," alisema Mama Pacha. "Kila siku. Mpaka nife."

Alisema kwa upole ule ule aliomwambia nao koplo habari ya chumvi. Inspekta aliweka kalamu chini. Kulikuwa na swali moja limebaki, nalo halikuwa na faida kwa kesi.

"Pesa za kamera aliyouza, Kijiti alizifanyia nini?"

Hapo ndipo Mama Pacha alipolia, bila sauti, mdomo wazi.

"Jeneza," alisema. "Sisi hatukuwa nalo. Alikuja Jumatano jioni, akaniwekea mkononi, akasema, 'Dada, usimwambie mtu, wasije wakasema watoto wa Mzee walishindwa kumzika.' Nikamwahidi sitasema."

"Na hukusema."

"Nilimwahidi, dada."

*

Saa saba na nusu Inspekta aliweka juu ya meza ya Mkuu bodi mbili za kamera, kipande cha filamu, kadi yenye uzi mweupe, mkanda na maelezo yaliyosainiwa. Mkuu alisoma hadi mwisho. Alizifungua zile bodi, akatazama ndani, akatazama filamu.

"Lakini namba zililingana," alisema.

"Zililingana, mkuu."

Alisaini karatasi ya kumwachia mtuhumiwa bila kuinua kichwa.

Kijiti alikuwa amelala chali. Bakuli la asubuhi lilikuwa tupu, limefutwa safi kwa kile kitambaa, kijiko juu yake. Kando yake lilikuwako bakuli la pili, limejaa. Mama Pacha alikuja nalo mchana alipoitwa, kwa kuwa safari ya mahakamani ni ndefu na yeye alikuwa hajui kwamba safari haipo tena. Kijiti alikuwa hajaligusa.

"Gari limefika?" aliuliza.

"Hakuna gari. Inuka, uko huru."

Hakuinuka. "Mmempata?"

"Tumempata."

"Nani?"

Inspekta alikuwa na njia nyingi za kulisema jambo hilo. Alichagua fupi, akalisema amesimama. Kijiti alisikiliza akiwa anatazama dari. Kisha akajiinua, akakaa, akaegemeza viwiko magotini.

"Siku tisa," alisema.

"Najua."

"Siku tisa nimekula. Kila nikimaliza namwombea dua."

Inspekta alisukuma mlango ukafunguka kabisa. "Kamera yako itabaki kuwa kielelezo mpaka kesi iishe. Fundi anasema ukiihitaji ya kazi, atakuazima yoyote rafuni. Anasema uchague kwa masikio."

Kijiti alivaa viatu. Udongo wa mazikoni ulikuwa bado umekaukia kwenye nyayo. Alikunja blanketi la mistari mara mbili, mara nne, akalilaza mikononi mwa Inspekta.

"Atalala wapi?"

"Chumba cha mwisho, cha wanawake."

"Kule kunavuja."

"Kunavuja, ndiyo."

Alifika mlangoni, akasimama. Koplo wa zamu alimtazama, akashindwa kumsalimia. Kijiti alirudi hatua mbili, akachukua lile bakuli lililojaa, akalipapasa kwa kiganja chini, kisha akaliweka juu ya blanketi, mikononi mwa Inspekta.

"Mpeni na hiki," alisema. "Mwambieni kimepoa."